Kanisa Lisiloweza Kukuambia Hapana Halikupendi

Wacha niseme kitu ambacho kitanipunguzia wafuasi leo. Naamini kanisa linafaa kuwa na uwezo wa kukuambia hapana. Siongei kuhusu ile hapana ya mimbarini, ya "vijana wa siku hizi mmepotea", ambayo kila mtu anaitikia amina akijua anasemwa jirani. Naongea kuhusu hapana yenye jina lako. Wazee wawili wanakuja kwenu jioni, wanakaa, wanakunywa chai, halafu wanakuambia: tunajua unachofanya, na mpaka uache hutakula Meza ya Bwana na sisi.

Kama umelelewa Kitui au Makueni, unajua naongea kuhusu nini. Kama umelelewa Nairobi kwa kanisa lenye mataa ya rangi na moshi wa jukwaani, pengine hujawahi kuona, kwa hivyo nieleze. Makanisa mengi ya kwetu, hasa yale yaliyotoka kwa misheni, yana kitu kinaitwa nidhamu ya kanisa. Ukipatikana umelewa, umechukua mke wa pili, au unaishi na mtu kama mume na mke na hamjafunga ndoa, unaitwa. Ukikataa kuacha, unatengwa. Huimbi kwaya, hushiki wadhifa, hushiriki Meza ya Bwana. Unaruhusiwa kuja ibada, na unafaa uje. Ukitubu, unarudishwa mbele ya ushirika wote, watu wanakushika mkono, maisha yanaendelea.

Najua komenti zinakuja. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufundisha nini?" Sawa. Karo ilishinda, nikarudi nyumbani, nikaanza kuongea na simu. Sina digrii ya theolojia wala ya kitu kingine chochote. Lakini babangu ni wa Kitui, mamangu ni wa Makueni, na nimekaa kwa benchi za mbao za pande zote mbili tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hiki kitu nimekiona kikiokoa mtu, na nimekiona kikimvunja mtu. Kwa hivyo nisikizeni mpaka mwisho, halafu mnitukane mkiwa na taarifa kamili.

Ati usinihukumu

Kizazi chetu kina sentensi moja tunayoipenda kuliko zote: Mungu pekee ndiye anayeweza kunihukumu. Tunaiandika kwa wasifu, tunaichora kwa mkono, tunaitupa kwa mathe akiuliza tulilala wapi. Ya pili ni hii: kanisa ni hospitali ya wagonjwa, si jumba la kuonyesha watakatifu.

Mimi nakubali kanisa ni hospitali. Sasa twende nayo hadi mwisho. Ukifika hospitali mguu umeoza, daktari akuangalie, atabasamu, akuambie "hapa tunakubali kila mtu vile alivyo", akupatie kiti kizuri na muziki mtamu, hiyo ni hospitali gani? Hospitali inakupokea ukiwa mgonjwa ndio, lakini haikupongezi kwa ugonjwa. Na wakati mwingine inakuambia usile kitu fulani mpaka upone.

Hii sheria haikutungwa na wazee wa kijiji waliokosa kazi. Iko Mathayo 18, na aliyeitoa ni Yesu mwenyewe, yule tunayesema hakuwahi kumhukumu mtu. Ndugu yako akikosa, mwendee mkiwa wawili tu. Akikataa, rudi na mmoja au wawili. Akikataa tena, liambie kanisa. Akilikataa kanisa, basi mhesabu kama mtu wa nje. Angalia vile hizo hatua zilivyo pole. Mtu anapewa nafasi mbili kabla ya jina lake kusikika. Siku hizi sisi tunaanza na hatua ya mwisho: tunaweka picha za mazungumzo mtandaoni kwanza, halafu tunajiita kizazi kisichohukumu.

Paulo naye, kwa barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 5, aliwaka kwa sababu kulikuwa na mtu anaishi na mke wa babake na kanisa lilikuwa linajivunia tu. Akawaambia wamtoe. Lakini endelea hadi barua ya pili, sura ya 2. Hapo kuna mtu aliyeadhibiwa na kanisa, na Paulo anawaambia imetosha, msameheni, mfarijini, asije akamezwa na huzuni. Wengi wetu tumesoma sura moja kati ya hizo mbili. Wakali wanapenda ya kwanza. Wapole wanapenda ya pili. Nidhamu ni zote mbili zikiwa pamoja.

Hii imani ilifika hapa na gharama

Kuna watu wanafikiria ukali wa makanisa ya Ukambani ni ushamba tu, kitu cha watu ambao hawajaona dunia. Hebu turudi nyuma kidogo.

Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Injili ya Marko ikachapishwa kwa Kikamba mwaka 1850, kabla hakujakuwa na reli wala nchi inayoitwa Kenya. Halafu Desemba 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, mlima ambao leo uko Makueni. Desemba iliyofuata Scott alikuwa kaburini kwa sababu ya homa. Alikuwa na miaka 29. Miaka michache baadaye, karibu kundi lote la kwanza lilikuwa limekufa au limeondoka. Ukipita pande za Nzaui uangalie ule mlima, ujue kuna watu wa umri wetu ambao hawakurudi kwao.

Na wenyeji walioamini walilipa pia. Kuacha kaluvu katika jamii ambayo kila jambo kubwa, kuanzia mahari hadi mazishi, lilipita kwa kibuyu, ilimaanisha kukosa kiti kati ya wazee wenzako. Kukataa mke wa pili kulimaanisha kuchekwa. Biblia nzima ya Kikamba ilikuja 1956, kwa hivyo kwa miongo mingi watu walisimama imara na kitabu ambacho hakijakamilika kwa lugha yao. Sisi tuna tafsiri hamsini kwa simu na hatuwezi kukataa mwaliko wa sherehe ya Ijumaa.

Na kabla useme pombe ni jambo dogo, kumbuka Mei 2014. Pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, na Kitui na Makueni zilikuwa kati yao. Wengine walipofuka. Kwenye mabaraza na mazishi, wazee waliokuwa wakiitwa wakali walikuwa wamesema hivyo hivyo kwa miaka mingi, na watu wakawacheka.

Mfano mwingine, mgumu zaidi. Mwaka 1929, misheni kadhaa za kati mwa Kenya, Africa Inland Mission ikiwemo, ziliwataka waumini wao wakatae ukeketaji wa wasichana. Watu wengi sana walitoka, wakaanzisha makanisa na shule zao wenyewe. Historia hiyo ina ukoloni ndani yake na sitaipaka rangi. Waliotoka walikuwa na sababu zao za kutoamini mzungu aliyekuja na Biblia huku ndugu yake akichukua shamba. Lakini kwa hilo jambo lenyewe, nani alikuwa na ukweli? Bunge letu lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Msimamo ambao leo kila mwanaharakati anauona wa kisasa ulikuwa, zaidi ya miaka 80 kabla ya hiyo sheria, msimamo wa kanisa kali lililokubali kupoteza watu. Kanisa linalofuata upepo lingengoja hadi 2011.

Umau wangu

Sasa nieleze kwa nini hii si nadharia kwangu.

Umau, babu yangu wa Makueni, alitengwa na kanisa nikiwa sijazaliwa. Alikuwa mwimbaji mzuri, anajua kuongoza kwaya, na alikuwa mlevi. Wazee walimwendea mmoja. Wakamwendea wawili. Halafu jina lake likasomwa. Susu anasimulia vile alivyokasirika, akasema hatakanyaga huko tena, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga.

Kile ambacho watu hawasemi kuhusu kutengwa ni kilichofuata. Kila Ijumaa, siku ambayo pesa za wiki zilikuwa zinaingia mfukoni na kutokea kwa kibuyu, mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani. Hakuhubiri. Alikuwa anamsaidia kuchimba mitaro ya kuzuia udongo shambani mpaka giza liingie, kisha wanakula muthokoi, kisha anaenda. Wiki baada ya wiki. Giza likiingia, hamu ya kwenda kunywa imepita na miguu imechoka. Baada ya miezi mingi umau akarudi, akakaa benchi ya nyuma, na siku moja akaitwa mbele akarudishwa. Susu anasema siku hiyo alilia kuliko siku ya harusi yake.

Mimi nimemjua umau akiwa mtu wa maji na chai peke yake. Mamangu alisoma kwa sababu pesa za Ijumaa zilianza kufika nyumbani. Kwa hivyo mtu akiniambia nidhamu ya kanisa ni chuki, namwangalia tu. Familia yetu imesimama juu ya ile hapana.

Yule msichana na kinanda

Lakini nilisema nimeona pia kikivunja mtu, na sitaki kuwaficha.

Katika kanisa nililokuwa nikienda nikiwa sekondari, sitalitaja, msichana mmoja wa kundi letu la vijana alipata mimba. Alisimamishwa mbele. Alitengwa. Aliacha kuimba. Kila mtu alijua baba ya mtoto ni nani, na yeye mwenyewe hakukataa. Alikuwa mtoto wa mtu mkubwa pale kanisani, mtu ambaye mabati nusu ya hilo jengo yalitoka mfukoni mwake. Jumapili iliyofuata kijana alikuwa pale pale mbele, kwa kinanda, anapiga wimbo wa kuabudu, macho amefunga.

Miaka michache baadaye nilikutana na huyo msichana Kalundu, sokoni, mtoto akiwa amemshika sketi. Tukaongea. Nikamuuliza kama anaenda kanisa. Akaniambia, "Kutengwa hakukuniumiza sana, nilijua nimekosa. Kilichonitoa ni kinanda."

Hiyo sentensi imekaa na mimi. Kwa sababu watu wakisikia hiyo hadithi wanasema, unaona, hizi sheria za zamani ziondolewe. Msichana mwenyewe hakusema hivyo. Hakuomba kanisa liseme kulala pamoja kabla ya ndoa ni sawa. Alichotaka ni sheria imfikie na mwenzake. Na hakuna mzee aliyemwendea kila Ijumaa. Alipewa hatua ya kumtoa peke yake, bila Ijumaa, bila kurudishwa.

Kwa hivyo nikiulizwa maridhiano na dunia yaliingia lini makanisani kwetu, sitataja gitaa, wala suruali za wasichana, wala rasta. Yaliingia siku mizani ya kanisa ilianza kuangalia mfuko. Yakobo aliliona hili mapema. Sura yake ya 2 inaongea kuhusu mtu anayeingia na pete ya dhahabu na nguo safi akapewa kiti kizuri, huku maskini akiambiwa akae chini. Anaiita dhambi waziwazi. Kuwa mhafidhina wa kweli ni kuamini na hiyo sura pia.

London iko mbali

Mwaka 2023 kila mtu alikuwa mhafidhina mtandaoni. Februari, sinodi ya Kanisa la Uingereza iliunga mkono maombi ya kubariki wapenzi wa jinsia moja. Askofu mkuu wetu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, akapinga. Desemba, Vatican ikatoa waraka wake kuhusu baraka, na Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika wakasema baraka hizo hazitafanyika kwao. Kuhusu mafundisho ya ndoa mimi niko na maaskofu wetu. Ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kanisa halina ruhusa ya kuhariri.

Lakini wasee, tuseme ukweli. Kukataa dhambi ya London ukiwa Mwingi hakukugharimu kitu. Hakuna mtu wa London anayekununulia mabati. Nilikuwa nawaona watu wanaandika mistari mikali kuhusu Uingereza, na nawajua, wanaishi na wapenzi wao Syokimau na hawana mpango wa kwenda mbele ya mchungaji. Mafundisho ya ndoa ni yale yale. Yakikatia upande mmoja tu, tuseme wazi kwamba tunachofurahia ni kumkata mwenzetu.

Kipimo chenye maumivu ni mheshimiwa. Mnajua vile inakuwa. Ibada inasimamishwa, magari yanaingia na vumbi, mtu anaketi kiti cha mbele, anapewa maiki, anatukana wapinzani wake mbele ya msalaba, anaacha bahasha, anaenda. Hakuna anayemuuliza ana nyumba ngapi za siri. Msichana wa kidato cha nne tumemuuliza kila kitu.

Kuna waliojaribu kusimama. Septemba 2021 Sapit alitangaza wanasiasa hawatapewa mimbari katika makanisa ya Kianglikana. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais Ruto alikuwa ametoa kwa kanisa la Soweto, Nairobi, akaagiza yarudishwe. Hiyo, kwangu, ndio ilikuwa habari kubwa ya imani ya mwaka huo. Ilikuja miezi michache baada ya vijana wa Juni kuuliza kwa sauti kwa nini makanisa yanakula na wakubwa. Manze, wale tuliowaita wasioamini ndio walilikumbusha kanisa Yakobo 2.

Na Shakahola je?

Najua kuna mtu amefika hapa anasema: ukali ndio ulileta Shakahola. Ni swali la haki. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, na Paul Mackenzie bado ana kesi mahakamani. Hakuna Mkristo anayefaa kulipita hilo haraka.

Lakini angalia muundo. Mtu anaanzisha kanisa lake, yeye ndiye mwanzilishi, yeye ndiye sauti, hakuna baraza juu yake. Nani angemwendea wawili? Nani angesoma jina lake? Nidhamu ninayoitetea inamfunga mchungaji kwanza. Kuna wazee, kuna katiba, kuna kanisa la wilaya juu ya la kijiji, na mchungaji akikosa anavuliwa kazi kama mtu yeyote. Palipo na mtu mmoja asiyeweza kuambiwa hapana, hapo ndipo pa kukimbia, iwe anahubiri kufunga hadi kufa au anahubiri mbegu ya elfu hamsini upate gari.

Ninachoomba

Kwenu wazee wa kanisa, shikamooni, najua baadhi yenu watoto wenu huwaonyesha video zangu. Msilegeze. Mkilegeza hatutawaheshimu zaidi, tutaondoka tu tukiwa tumestarehe. Lakini chukueni daftari la ushirika mwangalie majina yaliyotengwa miaka kumi iliyopita. Hesabuni wasichana, hesabuni wavulana. Hesabuni maskini, hesabuni waliotoa mabati. Na kwa kila jina mjiulize ni nani alikwenda Ijumaa. Mkikuta jina ambalo hakuna aliyeliendea, bado hamjachelewa. Nendeni.

Kwenu wa rika langu: tafuteni kanisa ambalo linaweza kuwafahamu kwa jina na kuwakataza kitu. Kama kila Jumapili unatoka ukiwa umekubaliwa katika kila unachofanya, kuna uwezekano hakuna mtu pale anayekujua. Na ukienda kanisa kubwa la mjini kwa sababu pale hakuna atakayeuliza, jua hakuna atakayeuliza pia siku utakapozama.

Halafu tukubali kuambiwa. Hii ndio ngumu. Mimi mwenyewe mchungaji wetu ana namba yangu na ruhusa yangu ya kunipigia kuhusu chochote ninachoweka hapa. Pengine atanipigia kuhusu hii. Nitashika simu.